Unataka Kurusha Iventi ya Kampo Laivu? Soma Hii Kwanza Usije Ukachomeka

Wacha nianze na ile siku nilichomeka, ndio ujue hizi vitu sizitoi kwa hewa.

Ilikuwa usiku wa kuchagua Mista na Misi wa kampo fulani, ukumbi umejaa hadi wasee wamekalia madirisha. Waandaaji walikuwa wamenipa kazi ya kurusha laivu kwa ukurasa wao wa Facebook. Simu fiti, stendi fiti, hata shati nilikuwa nimepiga pasi. Watu zaidi ya 400 walikuwa wanatazama. Emsii akashika bahasha, akavuta ile pumzi ndefu ya uongo, DJ akakata muziki, na hapo hapo skrini yangu ikakwama. Bando yangu ya saa moja ilikuwa imeisha. Imeanza kula kredo, na kredo yenyewe ilikuwa bob 12.

Jina la mshindi likasomwa, ukumbi ukapasuka na nduru, na huku mtandaoni watu wanaangalia emsii amefungua mdomo kama samaki. Nilirudi hewani baada ya dakika sita hivi. Komenti ya kwanza kuona ilikuwa ya mathe wa mmoja wa washindani: "Sasa nani ameshinda?"

Manze hiyo iliniuma kuliko matusi yote yaliyofuata. Kwa sababu ukifikiria vizuri, laivu haikuwa ya wale wasee wa madirishani. Hao walikuwa wanaona. Laivu ilikuwa ya huyo mathe.

Watu wengi wa kampo hudhani kurusha laivu ni kuinua simu tu na kubonyeza. Na kusema ukweli, kwa iventi ya watu 30 pale hosteli, hiyo inatosha. Lakini siku hizi laivu si mchezo tena. Corona ilipofunga vyuo 2020, mahafali yalihamia mtandaoni na wazazi wakazoea kumwona mtoto wao kwa skrini. Halafu Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru TV na redio ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja. Korti Kuu iliisimamisha hiyo amri, lakini kila mtu mwenye bando alikuwa ashajua laivu ya simu inaweza kufanya nini. Sasa kila klabu, kila chama cha wanafunzi, kila mgombea wa uongozi anataka laivu. Na anayetumwa kuirusha ni wewe, kwa sababu una simu yenye kamera tatu.

Sawa. Tuanze na kinachofanyika ndani ya hiyo simu.

Ukianza laivu, simu inachukua video, inaifinya iwe ndogo, halafu inaituma kwa mashine za YouTube au Facebook au TikTok. Hizo mashine zinaikatakata vipande vidogo vya sekunde chache, zinatengeneza kopi kadhaa, moja safi ya mtu wa waifai na nyingine ya ukungu ya mtu wa bando ya kubahatisha, kisha zinagawa. Ndio maana anayetazama yuko nyuma yako kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine hadi nusu dakika. Hiyo si simu yako mbovu, ndivyo kazi inavyofanyika. Kwa hivyo emsii asiulize watu wa mtandaoni swali halafu aanze kuwatukana eti wamenyamaza. Bado hawajamsikia.

Sasa hapo kwa kutuma ndio shida iko. Kasi ya intaneti ina pande mbili, kushusha na kupakia. Wewe ukipima kwa simu unaona megabiti 40, unafurahi, kumbe hiyo ni ya kushusha. Laivu inatumia ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo sana. Picha ya 720p ambayo mtu ataona nyuso vizuri inataka kama megabiti 2 mpaka 4 kwa sekunde, bila kuyumba. Ukitaka kulala bila presha, kasi ya kupakia iwe angalau mara mbili ya hiyo.

Na bando je? Hesabu ni hii. Megabiti 2 ukigawa kwa 8 ni megabaiti 0.25 kila sekunde. Hiyo ni megabaiti 15 kwa dakika, megabaiti 900 kwa saa. Iventi ya masaa manne inakula kama GB 3.6, na ukirusha kwa megabiti 4 ni GB 7.2. Ongeza kidogo juu, kwa sababu iventi ya kampo haijawahi kuisha saa iliyoandikwa kwa posta. Na tafadhali, nakuomba kama ndugu, usinunue zile bando za saa moja. Unajua mwenyewe zilinifanyia nini.

Lakini hata ukiwa na GB 50, kuna kitu kingine kitakumaliza. Wewe unakuja saa nne asubuhi, ukumbi mtupu, unapima netwaki, unapata moto. Unawaambia waandaaji wasijali. Saa mbili usiku makomredi 1,500 wako ndani na kila mtu anapakia statasi ya WhatsApp kupitia busta ile ile unayotumia. Busta ni kama matatu. Haijalishi umelipa kiasi gani, viti ni vile vile. Watu wote wakishika simu mara moja, na huwa wanashika wakati ule ule wewe unahitaji, yaani msanii akipanda ama taji likitolewa, laivu yako inaanza kukata.

Dawa ya ukweli ni waya. Vyuo vingi vya hii nchi vinapata intaneti kupitia KENET, na ukiangalia chini ya ukuta wa ukumbi utakuta kitundu cha kebo ambacho hakuna mtu ameshughulika nacho tangu kijengwe. Nenda ofisi ya kompyuta siku tatu kabla, si siku hiyo. Ingia na heshima, "Shikamoo mzee" kama ni mtu wa umri wa babako, "Habari ya kazi, bosi" kama ni kijana, na umwambie unaomba kitundu kimoja kiwashwe kwa ukumbi kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Hao watu huwa hawaombwi vizuri. Wengi watakusaidia hata kukuletea kebo. Ukichomeka laptop kwa huo waya, umati ufanye utakalo, wewe uko barabara yako.

Ukikosa waya, beba laini mbili za kampuni tofauti kwa simu mbili. Moja irushe, nyingine ikae tayari na bando ndani. Busta zao si lazima ziwe moja, na mara nyingi moja ikilemewa nyingine bado inapumua. Waifai ya wanafunzi sikuambii uitumie. Hiyo nayo wameijaza.

Kitu kingine ambacho huchoma watu ni kugundua siku ya iventi kwamba akaunti haina ruhusa. YouTube ukitaka kurusha kwa simu, chaneli iwe imethibitishwa na iwe na wafuasi angalau 50, na ukiomba ruhusa mara ya kwanza unaweza kungojea hadi masaa 24. Kwa kompyuta hiyo sheria ya wafuasi 50 haipo. Facebook tangu 2024 inataka akaunti iwe na siku 60 na ukurasa uwe na wafuasi 100. Instagram kutoka 2025 inataka wafuasi 1,000 na akaunti iwe wazi. TikTok nayo kwa kawaida ni 1,000, na lazima uwe umefika miaka 18. Kwa hivyo ile akaunti mpya ya "Freshaz Naiti" mliyofungua jana na wafuasi 17, ambao watano ni nyinyi wenyewe, haitarusha kitu. Na hizi sheria hubadilishwa bila kukupigia simu, so ingia uangalie wiki moja kabla. Jaribu laivu ya siri ya dakika mbili. YouTube inakubali ufiche isionekane na watu.

Chaguo langu mimi ni hili: mahafali, midahalo na mambo ya wazazi, peleka YouTube, kwa sababu linki inafunguka kwa mtu yeyote hata hana akaunti. Kelele na densi, TikTok. Facebook iko katikati, na wazazi wengi bado wanaishi huko.

Sauti. Hapa ndio utajua mtu amejifunza kazi na mtu anabahatisha. Watu watavumilia picha ya ukungu, lakini sauti ikiwa mbaya wanatoka chini ya dakika. Maiki ya simu ikiwa nyuma ya ukumbi inasikia kila kitu isipokuwa anayeongea: viti, kicheko, jamaa mmoja nyuma yako anayeelezea dem stori ndefu. Mwendee msee wa mitambo mapema, mwombe laini moja itoke kwa miksa yake ije kwako. Kwa laptop, ka-kadi kadogo ka sauti ka USB kanafanya hiyo kazi. Anza na volyumu chini kabisa, kwa sababu sauti ya miksa ni nzito kuliko maiki, na ikiingia na nguvu zote inapasuka. Halafu vaa hedifoni usikilize. Nimewahi kuona mtu akirusha mdahalo mzima bila sauti, komenti zote zinalia "hatusikii", na yeye anadhani watu wamechangamka.

Msee wa mitambo mnunulie soda. Si hongo, ni adabu.

Muziki ndio mtego mwenyewe. DJ akipiga ngoma ya msanii yeyote mkubwa, YouTube ina mashine inayosikiliza na kulinganisha na nyimbo zilizosajiliwa. Ikishika, unaweza kupewa onyo, ukiendelea video inafunikwa na picha ya kusimama ama laivu inakatwa kabisa, na akaunti inaweza kunyimwa laivu kwa muda. Facebook nayo hupenda kunyamazisha kipande hicho. Na usidanganywe na mwandaaji eti "sisi tumelipia leseni ya muziki". Kibali cha kucheza muziki ukumbini ni kitu kingine, mashine ya YouTube haikijui. Mimi hufanya hivi: ninapatana na DJ anionyeshe mkono kabla ya kuachilia wimbo, nafunga laini ya muziki, naacha maiki ya emsii na kelele za watu tu. Haipendezi sana, lakini laivu inafika mwisho. Bendi ya kampo ikiimba nyimbo zao wenyewe, ama kwaya ikileta ngoma za kitamaduni, hapo achilia kila kitu.

Sasa kuna hii, na hii sitaki uipite haraka.

Usiku mmoja wa kukaribisha wanafunzi wapya, kamera yangu ilizunguka kwa umati ikakaa kwa dem mmoja alikuwa anadensi. Sekunde kama nane tu. Sikufikiria kitu, nilikuwa natafuta picha yenye uhai. Kesho yake asubuhi hizo sekunde nane zilikuwa zimekatwa na mtu, zikawekewa maneno machafu, na zikawa zinazunguka kwa magrupu. Alinitafuta. Hakunipigia kelele, aliniuliza tu kama naweza kuitoa. Nilitoa laivu yangu mara moja. Lakini ile klipu haikuwa yangu tena, ilikuwa kwa simu za watu ambao sitawahi kuwajua, na mojawapo ya hizo simu ilikuwa ya babake. Huyo msichana alikuwa na miaka 18, wiki yake ya tatu kampo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Video ya kurekodi unaweza kukata kabla itoke. Laivu ikitoka imetoka. Na sheria iko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kama data yake. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza kilabu kimoja cha burudani Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kupachika mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Picha. Na walikuwa na biashara ya kulipia hiyo faini, wewe una HELB.

So kabla ya kuanza, bandika karatasi kubwa mlangoni: hapa kuna laivu, kamera inaangalia jukwaa na upande huu. Emsii aitangaze pia, kwa sababu hakuna anayesoma karatasi. Acha upande mmoja wa ukumbi ambao kamera haifiki, na uambie watu ni upi. Kamera ikae kwa jukwaa. Ukitaka umati, piga kutoka nyuma, vichwa na mikono juu, si uso wa mtu mmoja. Kukiwa na watoto, usiwasogelee. Na mtu akikuambia "mimi sitaki", usimwulize kwa nini.

Kama unatumia laptop, pakua OBS, ni programu ya bure. Ndani yake kuna mpangilio wa kuchelewesha laivu kwa sekunde unazotaka. Weka 20. Pia tengeneza skrini ya pembeni yenye maandishi "Tunarudi" ambayo unabonyeza mara moja. Ngumi zikianza, mtu akizirai, nguo ya mshiriki ikikataa kushirikiana, unabadilisha skrini. Halafu tafuta komredi mmoja wa kukaa kwa komenti, kazi yake iwe kufuta ujinga. Usijaribu kufanya zote mbili. Kuna watu huamka asubuhi wakiwa na nia moja tu, kumwambia Misi wa kampo kwamba ana miguu mibaya.

Drone nayo, kabla hujaikodisha ionekane kama video ya rais, kumbuka KCAA inataka vibali. Wacha tu.

Pesa tuziongelee kidogo. Waandaaji wa shoo za kulipia huogopa laivu itaua geti, na mimi nakubaliana nao. Kama tiketi ni ndio inalipa msanii, rusha dakika 15 za kwanza watu waone wanakosa nini, kisha funga. Lakini mdahalo wa wagombea wa uongozi ukifichwa hiyo ni ujanja, huo unafaa kurushwa wote, tangu mtu wa kwanza aongope hadi wa mwisho. Na wewe mwenye kurusha, bando isitoke mfukoni mwako. Omba nusu ya malipo kabla, kwa M-Pesa, na bando pembeni. "Tutakuonyesha kwa posta" haijawahi kununua unga.

Kazi ninayoikumbuka zaidi haikuwa hata na pesa nzuri. Ilikuwa mahafali, Desemba, jua kali, uwanjani. Mimi kampo niliacha mwaka wa tatu, stori ya fee, tuiache hapo. Kwa hivyo ile klasi iliyokuwa inafuzu siku hiyo ilikuwa klasi yangu. Aliyekuwa rumeti wangu alikuwa amepewa kadi mbili za wageni na familia ya watu tisa. Shosho yake, ambaye ndiye alimlea, alikuwa Nyahururu na goti lililokataa safari. Jamaa akaniuliza kama shosho atamwona.

Kama umewahi kwenda mahafali unajua tatizo. Wenye PhD wanaitwa jina kwa jina. Wa digrii ya kwanza wanasimama kitivo kizima kwa mpigo, maneno yanasemwa, kofia zinaguswa, wanakaa. Watu mamia na mamia, gauni moja, kofia moja. Kamera ya kawaida inaonyesha bahari nyeusi na shosho hawezi kumtambua mtu.

Kwa hivyo tulipanga. Akaniambia safu ya ngapi, kiti cha ngapi kutoka njia ya katikati. Nikaomba ofisi ya kompyuta waya, wakanipa. Mkuu wa itifaki akanikubalia kamera ya pili pembeni, tripodi iguse ukuta isizuie mtu. Binamu yake kule Nyahururu akafungua linki nusu saa mapema kwa simu yake, akaongeza mwangaza, akaisimamisha kwa kikopo cha sukari, akampigia jamaa simu kuthibitisha picha inakuja.

Kitivo chetu kiliposimama, niliacha picha pana kwa sekunde tano ya watu wote, halafu nikabadilisha kwa ile kamera ya pembeni. Safu ya sita. Alikuwa amesimama hapo, kofia imeinama vibaya, anaangalia kamera na anajifanya haangalii. Nikamshika sekunde kumi. Nilikuwa nimeambia wale wa kulia na kushoto kwake pia, walikubali, mmoja akapunga.

Baada ya sekunde 20 na kitu, kwa sababu ya kule kuchelewa nilikokuambia, binamu akaandika kwa komenti: "Shosho amemuona. Anauliza mbona amekonda."

Kazi haikuisha hapo. Usiku huo nilishusha rekodi nzima nikaiweka kwa diski, na wewe ufanye hivyo, kwa sababu Facebook tangu 2025 inafuta laivu baada ya siku 30 na watu bado huja kuniuliza video zao za mwaka jana. Nikakata zile sekunde kumi, nikazifinya ziingie WhatsApp bila shida, nikamtumia binamu. Aliniambia shosho hataki simu nyingine, anataka ile yenye hiyo video, na sasa binamu hana simu.